Piza za Skonzi

Kriing! Kriing-kriing!

Kengele ililia nyuma ya ua wa minyaa. Mwenye kengele alikuwa hajaonekana, lakini mtaa mzima wa Isevya ulimjua. Milango ikafunguka. Kuku wakatawanyika. Ndani ya nyumba ya Lukumani na mkewe Mwanajuma, mtoto mmoja mwembamba aliyelala mkekani akainua kichwa.

"Mama, mkate!"

Mwanajuma akatabasamu. Tangu mwanawe Tatu apone surua, hilo ndilo neno pekee alilolisema kwa nguvu. Akatoka nje upesi. Bundala, muuza mikate, alikuwa amekwisha kusimamisha baiskeli yake yenye sanduku la bati.

"Mgonjwa wangu hajambo?" Bundala akauliza.

"Hajambo. Anakula skonzi zako tu. Ugali hataki hata kuuona."

"Basi huyo atakuwa mkubwa wa ofisi! Mlinde vizuri, kesho kutwa atatupa kazi sote."

Wakacheka. Mwanajuma akachukua skonzi nne, ile mikate midogo ya mviringo, akaingia ndani. Akamimina chai yenye sukari nyingi. Tatu akachovya, akala, akalala tena.

Hakuna aliyeona ubaya. Pale Isevya mgonjwa hutazamwa kwa mkate. Jirani akija kumpa pole, anakuja na mkate kwapani. Shangazi akitoka mtaa wa Kanyenye, anakuja na mkate. Tatu alikuwa na umri wa miaka minne, na kwa mwezi mzima alikuwa ameletewa mikate mingi kuliko watoto wote wa mtaa ule. Mwanajuma aliona fahari. Alisema moyoni, "Mwanangu anakula chakula cha heshima."

Siku ya kliniki ilipofika, alimvika Tatu gauni jipya. Gauni lilimpwaya mabegani. Mwanajuma alilishona mwenyewe kabla ya surua, kwa kipimo cha mwili wa siku zile.

Muuguzi Eustadia alimtundika Tatu kwenye mizani. Akatazama mshale. Akatazama kadi. Kisha akatazama mshale tena.

"Mama Tatu, hebu soma mwenyewe," alisema. "Si unakwenda kisomo?"

Mwanajuma alikuwa na mwaka mmoja katika darasa la kisomo cha watu wazima. Alisogea. Akasoma polepole, kidole hewani.

"Kilo kumi na moja na nusu."

"Na mwezi uliopita kadi inasemaje?"

"Kilo kumi na mbili."

Mwanajuma akashusha kidole. Namba zile alizisoma mwenyewe, kwa hiyo hakuweza kumlaumu mtu kwamba amezisoma vibaya.

"Anakula nini?" Eustadia akauliza.

"Skonzi na chai ya sukari, dada. Asubuhi, mchana na jioni. Wallahi hatumnyimi kitu."

Eustadia hakumkemea. Alimvutia kiti.

"Sikiliza, mama. Mkate si sumu. Unashibisha, na unampa mtoto nguvu ya kucheza. Lakini surua imekula nyama ya mwili wake, na mkate peke yake hauwezi kuirudisha. Inarudishwa na mayai, maziwa, dagaa, maharage na karanga. Hivyo ndivyo vyakula vya kujenga mwili. Tena ale mboga za majani na matunda, vimlinde asiugue upya."

"Anakataa vyote."

"Mtoto aliyeugua surua hukataa. Kinywa kilikuwa na vidonda, amekiogopa chakula. Usimshike pua ukamlazimisha. Mpe kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Mtafutie njia. Rudi baada ya wiki nne, tuone mshale unasema nini."

Mwanajuma akarudi nyumbani na maneno yale kichwani. Ya kujenga mwili. Mtafutie njia. Lakini njia gani?

Alipofika, alimkuta mgeni barazani. Alikuwa Bi Nyamizi, mama wa Lukumani. Alikuwa ameshuka na treni kutoka kijiji chao cha ujamaa karibu na Kaliua, na mbele yake palikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa majani ya mgomba.

"Mwangaluka!" Bi Nyamizi alisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu mlete mjukuu wangu." Bi Nyamizi akampakata Tatu. Akamshika mkono. Kidole chake na gumba vilizunguka mkono ule na kukutana bila taabu. Uso wake ukabadilika.

"Mwanajuma, mtoto huyu mnamlisha au mnampiga picha tu?"

Jioni Lukumani aliporudi kutoka karakana ya reli, kesi ilikuwa imekwisha kuhukumiwa kabla hajaketi. Bi Nyamizi alisema, "Mimi nimelea wanane. Hapana hata mmoja aliyeukataa ugali wangu. Nitakaa hapa wiki hizo nne alizosema muuguzi. Mtoto asipoongezeka, naondoka naye Kaliua. Akae kwangu mpaka aingie shule."

Mwanajuma alimtazama mumewe. Mumewe alitazama viatu vyake.

"Mama amesema," Lukumani akajibu.

Usiku huo Mwanajuma hakulia. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mgumu kidogo, na wali wake ulisifiwa mpaka Kanyenye. Leo aambiwe ameshindwa kumlisha mtoto mmoja wa pekee? Achukuliwe Tatu wake apelekwe kwingine kama godoro? Hapana. Aliapa kwamba jambo hilo halitakuwa.

Asubuhi Bi Nyamizi akampa kile kikapu.

"Nenda sokoni Kanyenye, kauze mayai haya. Ukipita kwa muuza mikate, mnunulie mgonjwa skonzi."

Mwanajuma alifanya kama alivyotumwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kila Bi Nyamizi alipokuja, alikuja na mayai, na mayai yote yalipelekwa sokoni. Hata moja halikuvunjwa ndani ya nyumba ile. Bi Nyamizi alisema yai si chakula cha mtoto. Mtoto akila yai, huwa mwizi. Alisema hivyo kwa wanawe wote wanane, na hakuna aliyebisha.

Wakati wa kurudi, Mwanajuma alipita kwa jirani yake, Mzee Mabruki. Mzee huyu alikuwa mpishi wa behewa la chakula kwa miaka ishirini, akienda na kurudi na treni za reli ya kati. Sasa alikuwa amestaafu. Alikuwa akimwagilia tuta lake la mchicha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ulikwenda na kikapu. Ulipeleka nini sokoni?"

"Mayai ya mama mkwe. Mawili yenye nyufa yamekosa mnunuzi."

"Na humo umerudi na nini?"

"Skonzi za Tatu. Mgonjwa hali kitu kingine."

Mzee Mabruki akaweka chini ndoo yake. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu! Umeuza injini ukanunua behewa! Sasa behewa litavutwa na nani?"

Mwanajuma hakupenda kuchekwa. Lakini alikumbuka mshale wa mizani. Akamweleza mzee habari yote, ya kliniki na ya Kaliua.

Mzee aliacha kucheka.

"Kama hataki kuuacha mkate, usimnyang'anye," alisema. "Pandisha chakula juu yake. Zamani palikuwa na fundi mmoja Mwitaliano, alikuja kujenga madaraja. Kila akipanda treni yangu aliniomba nimpikie piza. Ni mkate wa bapa, juu una nyanya na jibini, unaokwa. Kukanda unga kulinichosha, treni inatikisika. Nikawa napasua skonzi tu. Kila skonzi inatoa piza ndogo mbili. Mwitaliano alinuna siku ya kwanza. Siku ya pili akaomba sita. Sasa sikiliza namna ya kufanya. Kwanza kabisa skonzi..."

"Nimeelewa, mzee! Nyanya juu ya mkate, halafu motoni. Ahsante sana!" Mwanajuma akasema, na tayari alikuwa amefika kwake.

"Mwanajuma! Sijamaliza!"

Hakurudi. Mtu aliyesifiwa kwa wali, ataelezwa habari ya moto?

Alipasua skonzi. Akakata nyanya mbichi, akazipanga juu. Akamwagia maziwa ya mtindi. Akaweka skonzi ndani ya sufuria, akafunika, akachochea makaa chini mpaka yakawa mekundu. Moshi ukapanda. Alipofunua, chini skonzi zilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Juu zilikuwa zimelowa chapachapa, nyanya mbichi, mtindi umeteleza pembeni.

Tatu alionja ncha. Akatema. Akalia.

Bi Nyamizi alikuja kutazama. Akainua kipande kimoja kwa vidole viwili.

"Hiki ni nini?"

"Piza, mama."

"Piza! Upande mmoja mkaa, upande mmoja uji. Hata mbwa wa balozi wa nyumba kumi atapiga ripoti."

Akaingia ndani. Mwanajuma akasikia sanduku likifunguliwa. Bi Nyamizi alikuwa akikunja vigauni vya Tatu, kimoja kimoja, taratibu.

"Mama, wiki nne hazijaisha!"

"Najua. Nakunja tu. Nguo zilizokunjwa haziozi."

Hapo ndipo fahari ya Mwanajuma ilipokaa chini. Alifunga kanga yake, akavuka uwanja, akasimama mbele ya Mzee Mabruki.

"Mzee, nimeunguza. Ulisema hujamaliza. Naomba umalizie."

Mzee hakumcheka safari hii. Alinyanyuka, akachuma mchicha kiganja kimoja, akaongozana naye.

Walipofika jikoni, aliuliza, "Wewe wali unaupikaje?"

"Maji yakikauka, napunguza makaa chini. Nafunika, halafu napalia makaa juu ya kifuniko."

"Kwa nini?"

"Ili uive juu bila kuungua chini."

"Basi mkate umekukosea nini hata ukaunyima moto wa juu?"

Mwanajuma akafunga mdomo kwa kiganja. Jambo lenyewe alikuwa nalo mikononi mwake kila siku.

"Nawa mikono, tuanze," mzee akasema. "Lete nyanya, kitunguu, mtindi, dagaa wa Kigoma. Na mayai mawili."

"Mayai?" Bi Nyamizi akatokea mlangoni. "Mayai ya nani?"

"Yako, dada. Nimesikia mawili yalibaki kikapuni."

"Hayo yana nyufa, hayakuuzika. Lakini mtoto hali mayai. Atakuwa mwizi."

"Dada yangu, mimi nimewapikia mayai wakubwa wa reli wa zamani, wale Waingereza, kila asubuhi miaka mingi."

"Ndiyo!" Bi Nyamizi akadakia. "Na waliiba nchi nzima!"

Mzee Mabruki akacheka, na Mwanajuma akacheka, na hata Bi Nyamizi mwenyewe akashindwa kujizuia.

"Haya, umenipiga," mzee akasema. "Lakini nchi tumeirudisha. Mwache mjukuu wako ale sasa, apate nguvu ya kuilinda. Au unataka wakubwa tu ndio wale mayai, na watoto wetu wale makapi?"

Bi Nyamizi alivuta kigoda, akaketi mlangoni. Macho yake hayakubanduka jikoni.

Mzee aliyavunja mayai kila moja peke yake katika kikombe, akayanusa. Yalikuwa mazima, nyufa zilikuwa za ganda la nje tu. Kisha akamwongoza Mwanajuma, mikono yake mwenyewe akiiweka nyuma. "Fanya wewe. Mimi nitakwenda nyumbani, mikono yako itabaki hapa."

Mwanajuma alikata kitunguu na nyanya vipande vidogo. Akavikaanga kwa mafuta kidogo. Akatia dagaa waliooshwa, wakatolewa vichwa, wakakaushwa na kutwangwa wakawa unga. Akatia mchicha uliokatwa laini.

"Iko tayari?" akauliza.

"Vuta mwiko katikati ya sufuria. Unaona maji yanakimbilia njia ya mwiko? Bado. Mchuzi wenye maji ndio uliolowesha mkate wako."

Akangoja. Akavuta mwiko tena. Safari hii njia ikabaki wazi. Akaipua.

Tangu walipoanza, mtindi ulikuwa umetundikwa katika kitambaa safi, maji yakidondoka. Kilichobaki kilikuwa kizito, cheupe, laini. "Hii ndiyo jibini yetu," mzee akasema. Mwanajuma akaukoroga pamoja na yale mayai na chumvi kidogo.

"Sasa skonzi. Hapa ndipo uliponikimbia. Zipasue, uzikaushe kwanza. Sehemu iliyokatwa itazame moto."

Walitia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, wakaupasha. Juu ya mchanga wakaweka sahani ya bati, na skonzi juu ya sahani. Zilipopata rangi kidogo, mzee akagonga moja kwa kucha. Ko, ko, ko.

"Unasikia? Imejifunga. Mchuzi hautapenya."

Mwanajuma alipaka mchuzi juu ya kila skonzi, kiasi cha kijiko kimoja. Akafunika kwa mtindi na mayai. Akanyunyiza karanga zilizopondwa laini. Akazirudisha katika sahani, akafunika sufuria kwa bati.

"Makaa?" mzee akauliza.

"Machache chini, mengi juu," Mwanajuma akajibu.

"Basi pika mwenyewe. Mimi sina kazi tena."

Wakangoja muda wa kuteka ndoo mbili za maji. Harufu ilianza kutoka, kwanza ya kitunguu, halafu ya karanga. Ikapita mlangoni, ikampita Bi Nyamizi, ikaingia chumbani.

Tatu akatokea, mkono ukutani.

"Mama, mkate?"

"Mkate, mwanangu. Kaa mbali na makaa."

Mwanajuma alifunua. Juu zilikuwa za rangi ya dhahabu. Yai lilikuwa limeshikamana, halitikisiki. Chini zilikuwa kavu, wala hazikuungua. Alikata moja vipande vidogo vidogo, akaipoza, akampa Tatu. Hakumbembeleza, hakumshika pua. Akamwacha.

Tatu alitazama. Akagusa. "Kuna nini juu?"

"Abiria," Mzee Mabruki akasema. "Mkate ni behewa. Abiria wanakwenda tumboni. Usipowachukua wataachwa stesheni."

Tatu akala kipande. Akala cha pili. Akafikiri. Kisha akanyoosha mkono.

"Wengine wameachwa," akasema.

Mwanajuma aligeuka upande wa ukuta, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Bi Nyamizi alisema moshi wa jiko lile ni mkali sana, ingawa moshi haukuwapo.

Tangu siku ile, Bi Nyamizi alipoletewa mayai kutoka kijijini, hayakwenda yote sokoni. Wageni walipoleta mkate, Mwanajuma aliwashukuru, akaupasua, akaupandisha abiria. Siku nyingine dagaa walikosekana, akatia maharage yaliyopondwa. Siku nyingine mchicha uliadimika, akatia majani ya kunde. Kati ya piza na piza alimpa Tatu uji wa karanga, au kipande cha papai, kidogo kidogo, mara tano kwa siku, kama alivyoambiwa. Wiki ya pili Tatu alitaka kuonja mchuzi ule ule kwa kijiko. Mwisho wa wiki hiyo Mwanajuma aliuweka mchuzi kando ya tonge dogo la ugali. Tonge likaondoka. Hakuna aliyesema neno, wasije wakamshtua.

Siku ya kliniki Bi Nyamizi aliamka kabla ya wote. Vigauni vilikuwa bado vimekunjwa ndani ya sanduku.

Eustadia alimtundika Tatu. Tatu akapiga mateke hewani, mizani ikayumba.

"Tulia, abiria!" Eustadia akasema. Habari za piza zilikuwa zimekwisha kumfikia.

Mshale ukatulia. Bi Nyamizi alisogea karibu, lakini alama zile hazikumwambia kitu.

"Nisomee, mwanangu," alimwambia Mwanajuma. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Mwanajuma alisoma moyoni kwanza. Akahakikisha. Kisha akasema kwa sauti, "Kilo kumi na mbili na nusu."

"Imepanda au imeshuka?"

"Imepanda, mama. Kilo nzima."

"Safari bado," Eustadia akasema. "Endeleeni hivi hivi, na kila mwezi mumlete. Lakini njia mmeipata."

Wakarudi nyumbani. Bi Nyamizi alifungua sanduku. Akavitoa vigauni vya Tatu, akavirudisha kimoja kimoja juu ya kamba ya nguo.

Kesho yake wote walimsindikiza stesheni. Lukumani alibeba mzigo, Mzee Mabruki alikuja kwa sababu hakuweza kuona treni ikiondoka bila yeye kuiaga. Bi Nyamizi alipanda, akaketi dirishani. Mapajani alishika kile kikapu. Hakikuwa na mayai. Kilikuwa na piza nne za skonzi, zimefungwa kwa kitambaa safi, za kula njiani siku hiyo hiyo.

Filimbi ikalia. Tatu, akiwa begani kwa baba yake, akapunga mkono.

"Bibi, utarudi lini?"

"Karanga zikivunwa."

"Utaleta nini?"

Bi Nyamizi alitazama kikapu. Kisha akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti mpaka watu wa mabehewa mengine wakageuka.

"Nitaleta mayai, mjukuu wangu! Na mbele ya watu wote hawa nakuahidi: nitayavunja kwa mkono wangu mwenyewe, jikoni kwa mama yako, na sokoni haliendi hata moja mpaka wewe ushibe!"